Mazishi Yabaki, Harusi Ziende

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwenda kunywa chai tu. Nilikuwa nimepanga Section 58, mtaa mmoja wa Nakuru, na kibanda cha chai kilikuwa kando ya barabara, karibu kiasi cha kwenda na mswaki mdomoni. Nikakipita. Yule mama akaniita, "We kijana, leo umenihama?" Nikamwambia narudi sasa hivi. Sikurudi. Nilivuka mji mzima kwa miguu, nikapita sokoni wakati wauza mboga wanafungua magunia, nikatokea upande wa pili ambako magari ya Njoro hupitia. Sikuwa na begi. Ndani ya koti nilikuwa na DVD moja niliyoifunga kwa gazeti. Ilikuwa imekaa humo karibu wiki, ikinichoma ubavu kila nilipoinama.

Mimi ni mtu wa kuondoka hivyo. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa nikikaa mahali mpaka nielewe kitu fulani kinavyofanya kazi, halafu nahama. Naivasha nilikaa mpaka nikazijua pampu za maji. Gilgil nilikaa kwa fundi wa redio. Kwa kawaida naondoka mwepesi, kama mtu aliyemaliza kula. Siku hiyo sikuwa mwepesi.

Lori tupu lilipunguza mwendo kando yangu na dereva akachungulia.

"Sasa boss, unaenda wapi?"

"Wewe unaenda wapi?"

"Elburgon, kubeba mbao."

"Basi hapo hapo."

Akafungua mlango huku akicheka. "Na ningesema Kericho?"

"Ningengoja lingine."

"Kumbe unajua unakoenda. Unanificha tu."

Alikuwa amesema kweli, nami sikuwa nimejiambia bado. Nilipanda, nikaangalia mashamba ya Njoro yakipita, mengine yamelimwa, mengine yamemea magugu kwa sababu wenyewe hawakuwepo. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Dereva aliona siongei akaongeza sauti ya redio.

Mwaka uliotangulia, 2007, nilipata kazi katika studio moja mjini Nakuru. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa katika jengo hilo hilo. Mke wake alikaa kaunta, akipiga picha za vitambulisho na kuwaambia watu wafunge kifungo cha juu. Mzee mwenyewe alipenda video. Alikuwa amezunguka na kamera yake Bahati, Molo, Keringet, kokote ambako watu walioana au kuzikana. Niliingia siku moja kumrekebishia kamera iliyokuwa inameza tepu, nikabaki. Kompyuta nilijifunza pale, kwa kuiharibu na kuitengeneza.

Tepu zilikuwa ghali, kwa hivyo studio ilikuwa na desturi yake. Harusi ya Jumamosi ikishaingizwa kwenye kompyuta, tepu zinarudishwa mwanzo, na Jumamosi inayofuata inapigwa harusi nyingine juu yake. Familia inapewa DVD mbili zenye picha ya maharusi, na ile nakala kubwa, nzima, inabaki kwenye kompyuta. Haikuwa mahali pengine popote. Miaka mingi ya watu ilikuwa imelala ndani ya sanduku moja chini ya meza, na paka wa jirani alipenda kulala juu yake kwa sababu ya joto.

Kufikia Oktoba sanduku hilo lilikuwa limejaa hadi likawa linakwama. Ukifungua faili, unaweza kwenda kununua maziwa na kurudi. Harusi za Desemba zilikuwa zinakuja na hatukuwa na pa kuziweka. Mzee alitumiwa na ndugu yake wa Nairobi diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, nyeusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Mpango ulikuwa rahisi. Tunahamisha kila kitu kwenye diski, tunasafisha kompyuta, tunaanza upya. Mzee aliishika diski kwa mikono miwili. Nilipoichomeka na kulinganisha, ilikuwa inaweza kubeba karibu nusu tu ya tulichokuwa nacho, na pesa za nyingine hazikuwepo mpaka msimu upite.

"Toa ile haina maana," akaniambia.

"Gani haina maana, mzee?"

Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Akafungua folda moja, akaitazama, akaifunga. Akafungua nyingine. Bibi harusi alikuwa anashuka kwenye gari lililofungwa maua, na mzee akatabasamu, akataja kijiji. Kisha akasukuma kiti nyuma.

"Mimi nimepiga hizi zote mwenyewe. Huyu namjua, baba yake namjua, chakula yao nimekula. Siwezi futa. Wewe hujui mtu hapa. Wewe futa."

Nilifurahi kusikia hivyo. Mtu wa darasa la saba, mgeni mjini, nimekabidhiwa sanduku lote. Na kwa kuwa napenda kila jambo liwe na utaratibu, nikatafuta kanuni. Niliipata siku hiyo hiyo: mazishi yabaki, harusi ziende. Aliyekufa hatapigwa picha tena. Waliooana wako hai, wana DVD yao kwenye kabati la televisheni, na wakitaka watacheza tena mbele ya kamera wakati wowote. Hata wateja walikuwa wanathibitisha. Watu walikuwa wakirudi kuomba nakala ya mazishi, kwa sababu kaka yuko mbali au dada hakufika. Sikumbuki mtu kurudi kuomba harusi. Nilimweleza mzee, akafikiri, akasema, "Sawa. Ina akili."

Kazi ilichukua siku nyingi. Diski ilikuwa polepole na stima ilikuwa ikipotea katikati, ikabidi kuanza faili upya. Wakati mazishi yananakiliwa nilikuwa nayatazama. Sikuhitaji kutazama. Nilitaka tu kujua. Nilisikiliza hotuba za watu nisiowajua, nikajua ni nani aliyekopeshwa ng'ombe na marehemu, ni shangazi gani hulia kwa sauti na yupi hulia kwa kunyamaza. Harusi sikuzitazama hivyo. Nilifungua kila moja kidogo tu, kuhakikisha ni harusi kweli na si kitu kingine kilichowekwa jina vibaya.

Na harusi za huko juu milimani huanzia mahali pamoja. Wageni wa bwana harusi wamefika nyumbani kwa bibi harusi na wamekuta lango limefungwa. Wanawake wa nje wanaimba, wanawake wa ndani wanajibu kwamba hawajaimba vya kutosha, na lango halifunguliwi mpaka wenye nyumba waridhike. Mzee alilipenda jambo hilo na hakuwahi kulikata. Kwa hivyo nilichokuwa nikiona ni lango, tena lango, tena lango. La mabati, la mbao, la waya. Nikishaliona nilijua ni harusi, nafunga, nafuta. Sikungoja kufunguliwa.

Mwishoni mwa Desemba watu walipiga kura, matokeo yakazua vurugu, na Januari nyumba zilikuwa zinaungua. Studio ilikaa na shata chini. Tulipofungua, foleni ya kwanza ilikuwa ya watu waliotaka picha za vitambulisho vipya kwa sababu vya zamani vimebaki kwenye moto. Mke wa mzee hakumwambia mtu yeyote afunge kifungo cha juu.

Mwezi Machi akaingia mwanamke wa umri wangu hivi, na koti la mvua la mwanamume. Alisema tulipiga harusi yake kwa wazazi wake Keringet, miaka michache nyuma. Yeye sasa anakaa na mumewe Elburgon, anauza chai kwenye geti la kiwanda cha mbao. DVD zote mbili alikuwa amemwachia mama yake, kwa sababu mama alipenda kuziangalia. Nyumba ya mama ilichomwa. Mama aliokolewa na majirani, akaletwa Elburgon na nguo alizovaa.

"Nataka kopi," akasema. "Hata ikiwa mbaya."

"Kijana ataangalia," mzee akasema kwa sauti ya kutumaini, na akanitazama, na nikaona anakumbuka.

Nikachomeka diski. Nilijua haimo. Bado nikafungua folda moja baada ya nyingine, nikikunja uso kama mtu anayetafuta.

"Haionekani," nikasema.

"Tafuta tena, boss. Mimi naweza kungoja."

Akakaa kwenye benchi ambalo watu hungojea picha. Mke wa mzee alimpa chai. Nami nikaendelea kutafuta kitu nilichokitupa kwa mkono wangu, alasiri yote, kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Kuna wakati aliinuka akasimama nyuma yangu.

"Unajua si harusi hasa," akasema. "Mimi harusi naikumbuka. Ni mama. Alijenga ile nyumba mwenyewe, na pesa za viazi, baba akiwa ameshakufa. Sasa anauliza kila siku ilikuwa aje. Anasema imeanza kumtoka kichwani. Hatukuwa tunapiga picha ya nyumba, nani hupiga picha ya nyumba? Lakini kwa harusi iko. Yote, kuanzia kwa geti."

Nilimwambia mashine iliharibika wakati wa vurugu. Mzee alikuwa anafuta kioo cha kamera na hakuinua kichwa. Yule mwanamke akashukuru, tena akaomba msamaha kwa kutusumbua. Akiwa mlangoni akasema labda tuliwahi kupiga kitu kingine kule, kwa mfano mazishi ya mwalimu mkuu mstaafu, jirani yao, shamba limepakana na lao. Kama nikipata, aliniambia, niulize tu Mama Chai kwenye geti la kiwanda.

Mazishi ya mwalimu mkuu yalikuwepo. Bila shaka yalikuwepo. Niliyatazama yote tena, safari hii bila kumsikiliza mtu, nikitazama nyuma ya watu. Hema, viti vya plastiki, kwaya ya wanafunzi wake wa zamani. Jeneza lilipotolewa kwenda kaburini kamera iligeuka kulifuata, na juu ya ua wa mpaka, kwa muda wa kuvuta pumzi, likapita paa la mabati lenye rangi ya samawati iliyopauka na bomba la moshi. Nikanakili kipande hicho kwenye DVD. Kisha nikaibeba karibu wiki nzima bila kwenda popote.

Lori liliniacha Elburgon karibu na kiwanda. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa kila mahali, hata kwenye matope. Yule mwanamke alikuwa anaosha vikombe. Alinitambua kabla sijasema neno, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mkono niliokuwa nimeutia ndani ya koti.

"Umepata."

"Si ile. Kipande kidogo tu."

"Kidogo ni kingi," akasema, akamwachia mwenzake birika.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, nyuma ya kiwanda. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, mwembamba, ana leso kichwani, anachambua maharagwe kwenye sinia. Nilimwamkia shikamoo kama nilivyofundishwa. Akaitikia kisha akamuuliza binti yake, "Huyu ndiye wa picha?"

"Ndiye, mama."

"Amekonda. Mpe chai."

Tuliweka DVD. Jeneza likatoka, kamera ikageuka, paa likapita.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Akaacha maharagwe.

"Hiyo ni jikoni," akasema. "Jikoni ya nje. Mabati yalibaki ya ile nyumba kubwa nikaezekea hapo. Sasa nyumba iko wapi?"

"Kamera haikufika," nikasema.

"Ingegeuka kidogo tu." Alinyoosha kidole kuelekea kioo, nje kidogo ya ukingo wa televisheni, mahali palipokuwa na ukuta wa mbao wa bintiye. "Iko hapa. Ingegeuka kidogo."

Alitaka kurudishiwa tena, nikarudisha, mpaka binti akazima. Ndipo binti akaniuliza, bila ukali, akinikabidhi kikombe.

"Lakini mashine si iliharibika? Hii ya mwalimu ilibaki namna gani, na yetu ikapotea?"

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili na sikuwa na mahali pa kutazama. Nikamwambia. Diski ilikuwa ndogo. Mzee hakuweza kuchagua, nikachagua mimi. Niliacha mazishi, nikafuta harusi. Ilikuwa kabla ya vurugu, nikaongeza, kana kwamba hilo lilikuwa mlango wa kutokea.

Binti akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Nje msumeno wa kiwanda ulikuwa unapiga kelele kisha unanyamaza.

"Uliangalia kabla ya kufuta?"

"Kidogo. Mwanzo."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kuiona," akasema. "Mwambie mama."

"Nimwambie nini?"

"Uliyoona. Si uliona? Mwambie nyumba yake."

Mama alikuwa ameshageuka kunitazama, mikono yake magotini, kama mtoto anayengoja hadithi. Nikatafuta. Kichwani mwangu kulikuwa na malango mengi yaliyofungwa, na nililazimika kuvuta moja kutoka katikati yake. Keringet. Ukungu. Wanawake wa nje wamevaa sare ya zambarau.

"Lango lilikuwa la mbao," nikaanza. "Mbao za kusimama. Kulikuwa na nafasi kati yake."

"Fundi alizikata zikiwa mbichi, zikanywea," mama akasema. "Endelea."

"Mtu wa ndani alikuwa anapunga leso juu ya lango. Anawaambia hawajaimba. Anawaambia warudi nyumbani wakajifunze."

Binti akaangua kicheko, akajifunika mdomo.

"Huyo ni mimi," mama akasema kwa fahari. "Hawakujua kuimba wale. Nyumba?"

"Ilionekana kwa zile nafasi. Ukuta mweupe. Na tangi la maji, upande wa kulia."

Uso wake ukaanguka. "Kushoto."

"Niliona kulia, mama."

"Kushoto! Nimeteka maji hapo miaka yote, wewe utaniambia?" Akainuka, akasimama katikati ya chumba na mgongo kwa kitanda kana kwamba ndicho nyumba, akanyoosha mkono wa kushoto. Akaganda hivyo. Kisha akanitazama mimi niliyekaa mkabala naye, karibu na mlango. Taratibu akaanza kuitikia kwa kichwa.

"Yeye yuko langoni," akamwambia binti yake. "Mimi niko mlangoni kwangu, yeye yuko langoni, ananitazama. Kwake ni kulia. Ameona, huyu. Ameona kweli."

Akakaa karibu nami sasa, akanishika kiwiko. Akauliza dirisha, nikasema dirisha. Akauliza ngazi, nikasema mbili, akasema ndiyo, mbili. Alivyozidi kufurahi ndivyo nilivyozidi kutaka kumpa. Nikasema kulikuwa na maua kando ya mlango, mekundu, marefu.

Akaniachia kiwiko.

"Maua?"

"Nafikiri."

"Maua mekundu." Alikuwa anayatafuta, niliona macho yake yakitafuta. Kisha akaamua. "Labda wasichana walipanda, kwa sababu ya harusi. Sikuangalia siku hiyo, nilikuwa na mambo mengi. Ndiyo. Maua mekundu, kando ya mlango." Akamgeukia binti yake. "Unasikia? Kulikuwa na maua."

Binti alinitazama, na sikujua kama naye anakumbuka maua au anakumbuka kwamba hayakuwepo.

Mimi nilishajua. Maua yale yalikuwa ya lango jingine, la Bahati, la waya, ambalo mtu huweza kuona hadi ndani. Nilifungua kinywa nimwambie mama. Lakini alikuwa ameshapanda ngazi zake mbili, anapita maua yake, anaingia.

"Umechoka," akaniambia baadaye, akarudi kwenye maharagwe yake. "Leo inatosha. Kesho uje uniambie na upande wa nyuma."

Upande wa nyuma sikuwahi kuuona.

Binti alinisindikiza hadi barabarani. Alisema naweza kulala kwao, mumewe yuko zamu, wangenitandikia jikoni. Nikamwambia nina mahali. "Hapa Elburgon?" akauliza, na nikaitikia, na akaniacha na uongo huo kwa heshima.

Nilizunguka mvua ikianza. Karibu na soko kulikuwa na nyumba ndefu ya mbao yenye vyumba vya kukodisha, madereva wa malori hulala hapo. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye gumboti, alinitazama toka kichwani hadi miguuni akitafuta mzigo.

"Begi iko wapi?"

"Sina, mathe."

"Umekimbia nani?"

"Sijakimbia mtu."

"Wote husema hivyo. Ya siku moja au zaidi?"

Kwa kawaida swali hilo hunichekesha, maana hata mimi huwa sijui. Nilimwambia ya siku moja, kisha nikamwambia angoje. Kuna mama, nikamweleza, niliyemwambia jambo ambalo si la kweli kuhusu nyumba yake, na kesho lazima niende kuliondoa, na sijui ataniruhusu niliondoe lini.

"Basi ni zaidi ya moja," akasema, akatafuta ufunguo.

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha lisilofungwa vizuri. Nilivua viatu nikakaa. Nilijaribu kulifikia tena lango lile la mbao zilizonywea, nione kando ya mlango kulikuwa na nini hasa, lakini kila nilipokaribia mkono wangu ulikuwa umeshafunga faili.